Kabla ya kulipa milioni, mlipe fundi wa bomba

Tangazo umeliona. Labda ni TikTok, labda ni grupu ya WhatsApp, labda ni kibao kimepigiliwa kwenye mti ukielekea Kiamunyi: vyumba vitatu, kimoja kina bafu lake, kabro hadi mlangoni, jikoni pana, "maji na stima vipo". Jumamosi wewe na mwenzako mnapanda matatu, mnashuka stejini, ajenti anawachukua kwa gari lake. Mnafika. Nyumba inang'aa. Unafungua mfereji wa jikoni, maji yanatoka, unaufunga. Unaflashi choo, kinaflashi. Unamwangalia mwenzako, naye anakuangalia kwa jicho la "ni hii". Na kwa wengi wetu, ukaguzi wa maji unaishia hapo.

Jumatatu mnaanza kukimbizana na makaratasi, na kwa hilo hatuna lawama. Kizazi chetu kimelelewa na hadithi za ploti moja kuuziwa watu watatu, kwa hivyo tunajua kuthibitisha hati kwenye ofisi ya ardhi, tunajua kumlipa wakili, tunajua hata kumleta mpima ardhi atuonyeshe vigingi vya mpaka. Ukichukua mkopo, benki au sacco inamtuma mthamini. Huyo anakuja na kamera, anapima vyumba, anaandika bei. Kazi yake ni kumwambia mkopeshaji kama nyumba inaweza kulipa deni siku ukishindwa. Hakutumwa kuingiza kichwa chini ya sinki. Katika msururu huo wote wa watu unaowalipa, hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza maji ya nyumba hii yanatoka wapi, yanapita wapi na yanaenda wapi.

Msimamo wetu ni huu: hapa Nakuru, na Bonde la Ufa la kati kwa jumla, kukagua maji na mabomba kabla hujatoa hata shilingi moja ya amana si mambo ya matajiri wa Milimani. Ni hatua ya lazima, sawa na kuthibitisha hati. Na tunasema hapa Nakuru kwa sababu: ardhi yetu, maji yetu na ziwa letu vina tabia zao.

Wacha nikupe kisa cha jamaa tuliyesoma naye. Alinunua nyumba ya milioni sita upande mmoja wa mji (mtaa sitautaja, bado anaishi huko na majirani wake ni watu wazuri). Pesa zilikuwa za sacco, akiba ya miaka saba na mchango wa dada yake aliye ng'ambo. Siku ya kuonyeshwa, tangi lilikuwa limejaa pomoni. Alipohamia ndipo jirani alimwambia, huku akicheka, kwamba Ijumaa jioni kabla ya ile Jumamosi, boza la maji lilikuwa limeingia pale geti.

Wiki ya tatu mifereji ikakauka. Kumbe maji ya kampuni hufika mtaa ule mara moja kwa wiki, usiku wa manane, tena kwa nguvu ndogo isiyoweza kupanda hadi kwenye tangi la juu. Akanunua tangi la chini na pampu. Mwezi wa pili, dari ya jipsamu chumbani ikaanza kuwa na duara la rangi ya chai. Fundi alipoikata akakuta kiungo cha bomba kinadondoka, na kwa hali ya mbao zilizokuwa hapo, kilikuwa kimedondoka tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Rangi ya dari ilikuwa mpya, na haikupakwa kwa bahati. Mwezi wa nne choo kikakataa kushuka. Lori la kunyonya maji taka likaja, likanyonya, wiki sita baadaye likaitwa tena. Walipochimba wakakuta shimo dogo la mawe, halina shimo la pili la kuyapokea maji na kuyaachia ardhini. Mtu alijenga nyumba ya watu sita na shimo la watu wawili.

Alipojumlisha risiti zilikaribia laki nne. Akaenda kwa wakili aliyemshughulikia, akiwa amejaa hasira. Wakili akamfungulia ukurasa wa mkataba aliousaini mwenyewe: mnunuzi amekagua nyumba na ameikubali kama ilivyo. Maneno machache tu. Jamaa alikuwa ameyasoma, lakini alidhani ni yale maneno ya kawaida ya mawakili.

Na kweli ni ya kawaida. Kifungu cha namna hiyo kimo kwenye mikataba mingi ya kuuziana nyumba hapa Kenya, na kanuni ya zamani ya sheria tuliyoachiwa na Waingereza ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Muuzaji akikudanganya waziwazi una pa kushika. Lakini kama hakuuliza mtu na hakusema mtu, bomba lililooza ukutani ni lako kuanzia siku unayopewa funguo. Kwa hivyo uulize, na umlete mtu anayejua cha kuuliza.

Tuanze na maji yanatoka wapi, maana hapo ndipo ajenti hutumia maneno matatu tu: "maji yapo, bana". Maji gani? Ya kampuni, kwa hapa mjini NAWASSCO? Ya kisima cha mtaa? Ya kisima cha mwenye ploti? Ya boza? Kila jibu lina maana yake mfukoni.

Kama ni ya kampuni, omba kuona mita na bili za miezi sita iliyopita. Bili itakuambia mengi kuliko ajenti. Bili ikiwa ndogo sana kwa nyumba yenye watu, basi maji hayafiki. Ikiwa kubwa kupita kiasi, kuna mahali yanavuja. Ikiwa na deni, utaligundua sasa badala ya siku ya kwenda kubadilisha jina. Kisha ulizia ratiba ya mgao, lakini usimuulize muuzaji. Muulize mama wa kibanda cha mboga pale kona. Yeye anajua maji huja siku gani na saa ngapi, na hana nyumba ya kukuuzia.

Usinunue nyumba kwa ahadi ya mradi. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilianza kujengwa 2017, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kuleta maji Nakuru. Ujenzi ukakwama 2018 baada ya kampuni ya Italia iliyopewa kazi kuingia kwenye matatizo ya pesa. Kuna watu walinunua ploti wakihesabu maji ya Itare, na wanaendelea kununua mitungi.

Kama ni kisima, hapo ndipo Bonde la Ufa linatofautiana na kwingine. Mawe ya volkano ya huku yana madini ya floraidi, na maji ya ardhini huyabeba. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya eneo hili, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru na kwingineko, hupita hapo. Kama umekulia huku huhitaji maabara kukuonyesha matokeo: ni yale meno ya kahawia ambayo darasa zima lilikuwa nayo, na ambayo ukifika Nairobi watu wanakuuliza kama huswaki. Meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, miaka ile ya mwanzo ya maisha. Ukizidisha kiwango kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi inabaki sufuriani, tena maji yakipungua inazidi kukolea.

Sasa fikiria umenunua nyumba yenye kisima, una mtoto wa mwaka mmoja, na umefurahi kwamba hutalipa bili ya maji. Kabla ya furaha hiyo omba vitu viwili: kibali cha kisima kutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti ya maabara ya maji yenyewe. Hakuna ripoti? Chota chupa, upeleke kupimwa kwa gharama yako. Ukikuta floraidi iko juu si lazima ukimbie nyumba. Kuna njia za kuiondoa, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imejulikana kwa miaka mingi kwa vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini kichujio kina gharama na kinahitaji kubadilishwa, na gharama hiyo inafaa ishuke kwenye bei, si iingie kwenye bajeti yako kimyakimya.

Jambo lingine kuhusu kisima, na hili ni hesabu ya shule ya msingi. Ploti nyingi mpya ni futi 50 kwa 100. Hiyo ni kama mita 15 kwa 30. Ushauri unaotolewa sana ni kwamba kisima cha maji ya kunywa kikae angalau mita 30 kutoka kwa shimo la maji taka. Kwenye ploti hiyo weka nyumba, weka geti, weka maegesho, halafu niambie hizo mita 30 utazipatia wapi. Na hata ukizipata, shimo la jirani liko upande wa pili wa ukuta. Muulize, usione haya.

Hayo unaweza kuyafanya mwenyewe. Kuingia ndani ndiko kunahitaji fundi, na si fundi wa muuzaji. Si yule "kuna jamaa anajua hii nyumba vizuri". Tafuta wako. Ulizia aliyefanya kazi kwa mtu unayemwamini, ulizia kama ana cheti cha chuo cha ufundi au amefanya mtihani wa NITA, ulizia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mkubaliane malipo ya kukagua tu, na umwambie wazi kwamba kazi ya kurekebisha haimo. Hilo linamwondolea tamaa ya kukutafutia makosa. Utamlipa elfu chache. Weka hizo elfu kando ya amana ya asilimia 10, ambayo kwa nyumba ya milioni sita ni laki sita, na ushuru wa stempu wa asilimia nne kwa nyumba iliyo mjini, ambao ni laki mbili na elfu arobaini. Hiyo pesa ya fundi hata haionekani.

Mpe saa mbili, uwe naye, na usimkatize.

Ataanza na mita. Mifereji yote imefungwa, hakuna choo kinachojaa, kisha anaangalia kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, maji yanaenda mahali, na mahali hapo ni ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Usidharau kidogo kidogo: tone moja kila sekunde hufika kama lita 20 kwa siku. Kama siku hiyo si ya mgao na mita imelala, atafanya kwa tangi. Anafunga maji yanayoingia, anaweka alama ndani ya tangi usawa wa maji, mnafunga nyumba, mnarudi asubuhi. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama, una jibu. Muuzaji akikataa mfanye hivyo, pia una jibu.

Kisha atafungua kila kitu kwa pamoja, shawa, sinki ya jikoni na choo, maana nyumba hujaribiwa asubuhi ya Jumatatu wakati kila mtu ana haraka, si Jumamosi mchana ukiwa na mfereji mmoja wazi. Shawa ikikata, tatizo laweza kuwa tangi limewekwa chini mno. Maji hupata msukumo kutokana na urefu. Mita 10 za kwenda juu hukupa takriban baa moja. Tangi lililokaa mita moja juu ya kichwa cha shawa haliwezi kukupa zaidi ya kijimto, hata ungeweka shawa ya hoteli. Nyumba za zamani, zile za Section 58 na Milimani zenye paa za vigae na miti mizuri, zina shida tofauti: mabomba ya chuma yaliyoota kutu ndani hadi tundu limebaki la kalamu. Fungua mfereji asubuhi kabla haujatumika. Maji yakitoka ya kahawia kwa dakika nzima, hesabu gharama ya kubadilisha mabomba ya nyumba nzima, na kuta zitavunjwa.

Ile shawa ya umeme ya kuoga maji moto nayo iangaliwe na mtu anayejua. Kuna za maji baridi ya kawaida na kuna zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, na maji ya visima vya huku mara nyingi yana chumvi. Ukiweka isiyofaa, au kama waya wa ardhi haujaunganishwa, utapigwa shoti ukiwa umelowa. Tumezoea kucheka hiyo "inanifinya kidogo". Si kitu cha kucheka.

Choo: atatia rangi ya chakula kwenye tangi dogo la nyuma, msubiri robo saa bila kuflashi. Rangi ikishuka bakulini, kuna uvujaji ambao hauna sauti na unakula bili usiku kucha. Atakalia choo akitikise. Atamwaga ndoo nzima kwenye sakafu ya bafu kuona kama maji yanaelekea kwenye tundu au yanaelekea mlangoni (utashangaa ni bafu ngapi mpya zina mteremko wa kwenda chumba cha kulala). Atajaza sinki zote na kuziachilia pamoja, asikilize. Bomba likikoroma na harufu ikipanda, hewa haipiti inavyostahili, au huko mbele kumeziba. Na ataangalia juu. Kipande kimoja cha dari chenye rangi mpya kuliko vingine ni swali, si mapambo.

Sasa toka nje, maana nyumba za Nakuru huficha aibu yao uani.

Mji una mitambo miwili ya kusafisha maji taka, wa Old Town na wa Njoro, lakini sehemu kubwa ya mitaa haijaunganishwa na mabomba yanayoenda huko. Ukienda Kiamunyi, Ngata au sehemu nyingi za Lanet, maji taka yako yanaishia kwenye ploti yako. Mwambie muuzaji afungue chemba zote. Zote. Kama chemba imefunikwa kwa kabro au imejengewa kibanda cha kuku, yavunjwe kwanza kabla ya mazungumzo ya bei. Ndani ya chemba maji yanafaa kupita na kuondoka. Yakiwa yamesimama, huko mbele kumejaa. Uliza shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho, na uangalie kama lori linaweza kufika. Nimeona ua umejengwa vizuri kiasi kwamba lori la kunyonya halipiti popote; siku shimo likijaa, utavunja ukuta wako mwenyewe.

Ukiweza, rudi baada ya mvua kubwa, ile ya Machi hadi Mei. Shimo ambalo Februari lilinyonya vizuri laweza kukataa kabisa ardhi ikishiba. Na ukinunua karibu na maziwa yetu, hili si jambo la msimu mmoja. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda kwa zaidi ya mwongo mmoja na limefukuza watu Mwariki na Barut. Naivasha, wakazi wa Kihoto waliyaona maji ya ziwa yakiingia sebuleni 2020. Kabla maji hayajafika mlangoni, hufika kwanza chini ya ardhi, na yakikutana na shimo lako la choo, yanalirudisha juu. Muulize mzee wa mtaa ziwa lilifika wapi mwaka ule. Atakuonyesha kwa fimbo.

Halafu kuna udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya eneo hili imekaa juu ya majivu ya volkano, udongo mwepesi unaobebwa na maji kwa urahisi. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipasuka na kufunguka bonde kubwa baada ya mvua. Wataalamu walibishana kama ni ufa wa zamani wa ardhi au ni mmomonyoko tu, lakini wote walikubali kwamba maji yalikuwa yameufagia udongo huo laini. Sasa punguza picha hiyo ifike kwenye nyumba yako. Bomba linalovuja chini ya sakafu kwa miaka mitatu halikuli bili tu, linahamisha udongo ulioshikilia msingi. Ukiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, na karibu yake kuna bafu, usikubali kuambiwa "hiyo ni plasta tu" na mtu anayelipwa kwa asilimia ya mauzo.

Ukishapata ripoti ya fundi, hata kama ni ukurasa mmoja aliouandika kwa mkono na picha za simu, mpelekee wakili kabla ya kusaini. Hapo ndipo elfu zako chache zinazaa. Unaweza kuomba bei ishuke. Unaweza kuomba muuzaji arekebishe kwanza na fundi wako akague tena. Unaweza kuomba kifungu kinachosema sehemu fulani ya pesa ibaki kwa wakili kwa miezi kadhaa, ilipwe mambo yakiwa sawa. Kwa nyumba mpya hilo si ombi la ajabu. Na kile kifungu cha "kama ilivyo" kinaweza kuandikwa upya ili kitaje yale ambayo hayakukubaliwa. Ukisaini kwanza ndipo ulete fundi, unafanya uchunguzi wa maiti.

Kwa anayenunua fleti, na vijana wengi wanaelekea huko, kagua pia vile ambavyo si vyako peke yako. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, wenye fleti kwa pamoja huwa wanachama wa shirika linalosimamia maeneo ya pamoja. Tangi la paani, pampu, bomba kuu na shimo la maji taka ni mzigo wa wote. Uliza shirika hilo lipo kweli au liko kwenye karatasi, lina pesa ngapi za matengenezo, na nani alilipa pampu ilipoharibika mara ya mwisho. Fleti ya orofa ya nne bila pampu ni ngazi na mtungi.

Tunajua utakachoambiwa. "Kuna mteja mwingine anakuja saa nane." Huenda yupo, huenda hayupo. Kama yupo na hana fundi, mwachie. Wazazi nao watakuambia wao walijenga bila ukaguzi wowote. Kweli, baba, lakini walijenga wenyewe, walisimama pale na fundi akilaza bomba, walijua kila kona. Wewe unanunua ukuta ambao hujui ndani yake kuna nini.

Lakini si haki mzigo huu wote umwangukie kijana mwenye mkopo wa kwanza. Sacco na benki zinazotukopesha zinadai ripoti ya mthamini, bima, hati, hadi barua ya mwajiri. Ziongeze karatasi moja ya fundi wa bomba na matokeo ya kipimo cha maji. Ni pesa zao pia. Mwanachama anayechimba shimo jipya la choo mwezi wa nne ndiye atakayechelewesha malipo mwezi wa tano. Nayo kaunti, ambayo tangu Desemba 2021 inasimamia mji wenye hadhi ya jiji, hukagua ramani kabla ya ujenzi; shimo la maji taka liangaliwe likiwa bado wazi, kabla halijafunikwa na kabro, na rekodi yake iwe kitu mnunuzi anaweza kuomba na kupewa.

Jamaa yetu yule bado yuko kwenye nyumba yake. Juzi alinipigia: mdogo wake anataka kununua mtaa wa pili, kwa muuzaji mwingine, na ameshaambiwa maji yapo. Walienda watatu, pamoja na fundi. Walikuta tangi limejaa, na chini yake, kwenye vumbi la uani, alama mbichi za matairi ya boza. Mdogo mtu hakugombana na yeyote. Aliomba bili za miezi sita, na mpaka leo anazingojea.

Kama Jumamosi hii una miadi ya kuonyeshwa nyumba, mpigie fundi wako leo. Mwambie aje na tochi, ngazi fupi na chuma cha kufungulia chemba. Wewe beba chupa safi ya kuchotea maji ya kupima na rangi ya chakula, ile nyekundu. Inaonekana vizuri kwenye bakuli jeupe.